Nyumba ya Bi Hidaya na Mwandiko Wangu

Vijana wa ofisini, mlinifanyia hafla ya kuniaga mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa. Kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Mzee, tuandikie ulivyopanda vyeo." Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Vyeo nimevisahau, na habari za mishahara mnazijua wenyewe. Nitakachowaandikia ni jambo moja lililonipata Kariakoo katika miaka ya hamsini, nilipokuwa karani wa serikali na baadaye mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Lilinishtua wakati ule, na tangu hapo nimefanya kazi miaka mingi, nimeona mengi, lakini mshtuko ule haujanitoka.

Nilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ile, kijana wa misheni kutoka upande wa Masasi, na cheti changu cha darasa la kumi nimekikunja mara nne ndani ya Biblia. Nilipangiwa ofisi ya viwanja, kule upande wa Posta. Nilidhani serikali ni jumba kubwa lenye watu mia moja wanaojua kila kitu. Nikakuta chumba chenye kabati tatu, meza nne, feni isiyozunguka, na Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta kofia yake. Huyo ndiye aliyekuwa Bwana Shauri, mkubwa wetu. Aliniuliza kama naweza kuandika kwa mstari ulionyooka. Nikasema naweza. "Vizuri," akasema, "basi wewe utaiandika Kariakoo." Nilishtuka mpaka nikasahau kumwambia kwamba kofia yake ilikuwa juu ya kabati.

Aliyenifundisha kazi hakuwa yeye. Alikuwa Mzee Mwinyimvua, karani mkuu wa masijala, mwenyeji wa mtaa wa Gerezani, mtu wa kanzu na koti la Kizungu juu yake, miwani imefungwa kwa uzi. Alinifundisha kuchovya kalamu nusu nibu tu, kupangusa ukingoni mwa chupa, na kukandamiza karatasi ya kunyonya wino bila kuiburuta. Nikidondosha wino alikuwa haniambii kitu. Alinipa ukurasa mwingine na kuniacha niandike upya yote, hata kama ni mistari arobaini. Alikuwa na utani mwingi, na sisi watu wa kusini alituonea sana. "Nyinyi mkija mjini mnaogopa hata bomba la maji," alisema. Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Niliogopa kila kitu, na zaidi ya yote niliogopa kuonekana mshamba mbele ya watu wa pwani.

Katika kazi alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha. Karani asiandike habari za mtu kwa kinywa cha mtu mwingine. Ukimaliza kuandika, kabla ya kufunga wino, msomee mwenye habari yake maneno uliyoyaandika. Akikubali, atie kidole. Akikataa, unaanza upya. "Serikali haina macho, kijana," aliniambia. "Inakuona wewe tu, na wewe ukiandika uongo, serikali nayo itaapa kwamba ni kweli."

Tulianza kuandika nyumba za Kariakoo msimu wa kiangazi. Tarishi wetu, Saidi, mtu mzima mwenye wajukuu, alibeba meza kichwani, nami nikabeba daftari jipya na wino. Tuliingia mtaa kwa mtaa, tunaweka meza mbele ya kila nyumba, tunauliza: kiwanja namba ngapi, vyumba vingapi, mwenye nyumba nani. Mnajua nyumba zile: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na kibaraza mbele ambako wanaume hukaa kuanzia alasiri. Swali la vyumba lilijibiwa na kila mtu. Swali la mwenye nyumba lilikuwa kazi nyingine. Mtaa wa Sikukuu mzee mmoja alitaka niandike jina la baba yake aliyekwisha kufa, kwa sababu, alisema, hawezi kujiita mwenye nyumba wakati watu bado wanamkumbuka baba. Mtaa wa Swahili ndugu watatu walijitokeza kwa nyumba moja, wote wakatoa jina la Juma. Nilimaliza siku hiyo nikiwa na Juma wa kwanza, Juma wa pili, na Juma anayesafiri.

Sasa nifike Mtaa wa Mchikichi.

Tulipoweka meza mbele ya nyumba ile tulikuta mikeka kibarazani na wanaume wamekaa kimya. Mmoja akainuka, mtu wa makamo, kofia safi ya viua, sauti ya upole. Jina lake Shomari. "Karibu, Bwana Karani," akasema. "Umetukuta na msiba. Kaka yangu amefariki, hii ni wiki ya pili. Shemeji yumo ndani, anakaa eda."

Kwa ambao hamkukulia pwani: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ovyo, na hakai na wanaume wageni. Mimi Mkristo wa kusini niliyajua hayo kwa kusikia tu, na nilivyoyasikia niliyazidisha. Nilivua kofia. Nilishusha sauti kama niko kanisani. Nikauliza mwenye nyumba ni nani. Shomari akatazama mlango, akanitazama, akasema, "Aa, niandike mimi tu, Bwana. Mimi ndiye niliyesimama hapa."

Daftari lilikuwa na nafasi ya jina moja. Nikachovya kalamu. Ndipo nyuma ya pazia la mlangoni mtu akakohoa, na sauti ya mwanamke ikasema, polepole lakini wazi, "Bwana Karani."

Nataka mlijue hili vizuri, kwa sababu nimelificha miaka mingi. Nilimsikia. Saidi naye alimsikia, maana aliinua kichwa. Shomari akasema, "Mwache, ana majonzi." Nami nikaona kumjibu mwanamke aliye eda mbele ya wanaume wa mtaani itakuwa utovu wa adabu, na watasema tazameni huyu mshamba kutoka bara. Nikajifanya nimeshughulika na wino. Nikaandika Shomari, mwenye nyumba. Nikamsomea Shomari. Shomari akatia kidole. Nikaondoka nikijiona mtu mstaarabu kuliko wote Kariakoo.

Jioni Mzee Mwinyimvua alipitia ukurasa wangu kama kawaida. Aliposimama kwenye mstari ule aliuliza, "Hii ulimsomea nani?"

"Shemeji mtu. Mama mwenyewe yuko eda."

Akavua miwani. "Na nani kakwambia eda inaziba mdomo? Mwanamke wa eda anasema, kijana. Anaagiza samaki, anagombeza watoto, anadai haki yake akiwa nyuma ya pazia. Unakaa upande wako, anakaa upande wake, unamwuliza, anakujibu. Bibi yule namjua. Anauza nazi kwa jumla sokoni tangu mumewe hajamwoa. Nyumba kaisimamisha mwenyewe. Rudi kesho."

Nilishtuka kwa aibu, uso ukaniwaka. Nikaahidi kurudi. Lakini kesho yake Bwana Shauri alichukua daftari lipelekwe kujalidiwa, na kabla ya kulichukua alilifungua mbele ya ofisi nzima, akasema hajapata kuona kazi safi namna ile, hakuna doa, hakuna mstari uliokatwa. Makarani wakubwa walinipa mkono. Je, ningekwenda kumwambia nataka kukata mstari? Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Mzee aliniuliza mara mbili kama nimerudi Mchikichi. Mara ya pili nilimwambia nimerudi. Aliniamini, akafurahi, akanipa kashata. Mwaka uliofuata alistaafu, na haukupita muda akafariki. Nilibeba jeneza lake mpaka makaburini na uongo wangu kifuani.

Miaka iliyofuata nitaivuka haraka. Daftari langu likajulikana. Wakubwa wakipata mgogoro wa kiwanja walisema, fungua daftari la Kariakoo, na mambo yakaisha. Nilipokuwa mkubwa kidogo mimi mwenyewe, niliandika barua ndefu kwa taipureta, nakala tatu, nikiishauri serikali itunge sheria kwamba jina lililomo daftarini liwe neno la mwisho, lisipingwe hata mahakamani. Niliona nawasaidia watu waache kugombana. Niliipenda sana barua ile, hasa aya ya nne.

Wakati huo siasa zilikuwa zimepamba moto. Waraka wa serikali ulikataza watumishi wasijiunge na vyama, lakini haukukataza mtu kupita Mnazi Mmoja akirudi nyumbani. Basi mikutano ilipofanyika pale, makarani wa ofisi nzima tulikuwa tukirudi nyumbani polepole sana. Nilisimama pembeni na faili kwapani, kama mtu anayemngoja mwenzake, na nikasikia maneno yaliyonitoa machozi. Mwishowe niliandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu, Mama Agnesi, alisoma nakala yake mara mbili kisha akaniuliza kama nimepata homa.

Nikasimama kugombea, na nikachaguliwa. Uchaguzi wenyewe ulikuwa kioja. Kila mpiga kura alipewa karatasi, akatakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, na akiacha mmoja kura yake yote inaharibika. Nilitembea Kariakoo nyumba kwa nyumba nikiwaeleza wazee kwamba ili wanipate mimi ni lazima wamchukue na Mzungu. "Ala! Kama nazi mbovu kwenye fungu," alisema muuza samaki mmoja, lakini akaenda kupiga kura.

Siku yangu ya kwanza barazani nilikalia kiti chenye mto, mbele yangu maji ya baridi ndani ya gilasi, na rundo la karatasi. Nikafungua ya kwanza. Ilikuwa muswada wa sheria ya viwanja vya mjini. Nikasoma kifungu cha kwanza, cha pili, na nilipofika katikati nikarudi mwanzo, nikasoma tena. Yalikuwa maneno yangu. Aya ya nne ilikuwa imehamishwa yote, imevishwa Kiingereza cha wanasheria, lakini niliitambua kama mtu anavyotambua koti lake likiwa limevaliwa na mwingine. Jina lililomo daftarini litakuwa neno la mwisho. Nilikuwa nimeiomba sheria ile nikiwa karani, na sasa niliulizwa kama naikubali nikiwa mjumbe. Nilikunywa maji yote. Muswada ulipangiwa kujadiliwa Jumanne ya wiki iliyofuata.

Alhamisi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilisikia hodi nyumbani kwangu. Nilikuwa nakaa karibu na soko. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga mbili, mikono minene ya mtu aliyefua nazi maisha yake yote.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Bwana Karani."

Kila mtu wakati ule aliniita Mheshimiwa. Yeye hakuniita hivyo, na moyo wangu ukaruka kabla akili haijajua kwa nini. Sauti ile niliijua.

"Mimi naitwa Hidaya, wa Mchikichi," akasema. Hakutaka chai. "Shomari anauza nyumba yangu. Kapata mnunuzi, mwenye duka la jumla, hana kosa, yeye kaambiwa nyumba ni ya Shomari. Nimekwenda ofisini kwenu. Kijana kafungua buku, kanionyesha mstari. Mimi kusoma sijui, lakini kuuliza najua. Nikamwuliza, haya kayaandika nani? Kasema wewe."

Sikuweza kumtazama. Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza bei. "Siku ile nilikuita. Nilikuwa nyuma ya pazia, sauti ilikuwa ndogo, nilikuwa nimelia siku kumi. Miaka yote hii Shomari kakaa vizuri na mimi, sikujua umeandika nini. Nimesema labda yule kijana hakunisikia. Angenisikia angeniuliza."

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini uongo niliokuwa nao ulikuwa umenitosha. Nikasema, "Mama, nilikusikia."

Aliinua uso. Alinitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, lakini sijaona uso ulioshtuka kama ule. Angeweza kusamehe sikio lisilosikia. Nilichomwambia hakuwa amekitarajia kabisa.

"Ulinisikia," akasema. Kisha akajikaza, akakaa vizuri kitini. "Basi vizuri. Afadhali. Shahidi ni wewe mwenyewe. Nenda ofisini kawaambie, kabla hawajagonga mhuri wa mauzo. Leo wapo, kesho Ijumaa wapo, Jumamosi wapo mpaka saa sita. Useme mama huyu aliniita na mimi sikumwuliza."

Nilikuwa na maneno tayari, kwa sababu wanasiasa huyapata haraka. Nikamweleza kwamba kuna njia bora kuliko kwenda kaunta. Jumanne nitasimama barazani, mbele ya serikali yote na magazeti yote, nitauzuia muswada, nitakiri kosa langu hadharani. Hapo nyumba yake na za wengine zitapona kwa mpigo mmoja.

Bi Hidaya alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nyumba yangu haiko huko, Bwana Karani," akasema. "Iko Mchikichi."

"Mama, niamini. Siku chache tu."

Aliniamini, au alichoka. Akaondoka.

Nitawaambia ukweli wa siku zile, kwa kuwa nanyi mtapata siku kama hizo. Kwenda kaunta kulimaanisha kula kiapo mbele ya karani kijana niliyemfundisha mwenyewe, kusema daftari langu lina uongo na uongo nimeuandika mimi. Ingekuwa fedheha ndogo, chafu, ya ofisini, isiyo na makofi. Kusimama barazani ilikuwa fedheha ya kishujaa. Nilichagua ile ya kishujaa. Ijumaa niliandika hotuba. Jumamosi asubuhi niliisoma kwa sauti ukumbini, natembea huku na huku, Mama Agnesi anachambua mchele.

"Ni nzuri," akasema nilipomaliza. "Lakini ofisi si iko hapo Posta tu? Ungekwenda ukarudi, wali haujaiva."

Nilimwambia haelewi taratibu za serikali. Akaendelea kuchambua.

Jumanne nilisimama. Ukumbi ulikuwa umejaa, na niliposema kwamba daftari linalosifiwa katika muswada ule limeandikwa na mkono huu, na kwamba mkono huu ulimwandika mtu asiye mwenye nyumba huku mwenye nyumba akiita, waandishi wa magazeti wakainua vichwa. Mjumbe mmoja wa upande wa serikali akainuka, mtu mpole, akauliza, "Je, Mheshimiwa anatuomba tusiamini mwandiko wake mwenyewe?"

"Naam," nikasema. "Wangu kuliko wa wengine wote."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mjadala ukachukua siku nzima, na mwisho wake kifungu kikabadilishwa. Kabla jina halijawa neno la mwisho, wenye malalamiko wapewe muda wa kuja kusikilizwa, na karani asikilize mwenyewe mtu anayetajwa, awe mwanamume au mwanamke, awe kibarazani au nyuma ya pazia. Maneno hayo ya pazia yaliingia kwa Kiingereza, na mpaka leo najivunia, Mungu anisamehe. Nilipewa mikono mingi. Mzee mmoja wa Kihindi alinikumbatia.

Sikupanda gari. Nilitembea kwa miguu, tai shingoni, nikavuka Mnazi Mmoja nikiimba kimoyomoyo, nikaingia Kariakoo, moja kwa moja Mchikichi. Nilitaka kumwambia mwenyewe.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa na kufuli jipya. Upande wa pili wa njia, chini ya upenu wa jirani, kulikuwa na kitanda cha kamba kilichosimamishwa wima, mtungi, kinu, masanduku mawili ya bati na mbuzi ya kukunia nazi. Bi Hidaya alikuwa amekaa juu ya sanduku moja.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya barafu. "Lini?" nikauliza.

"Waligonga mhuri Jumamosi. Saa tano."

Saa tano ya Jumamosi nilikuwa ukumbini kwangu nasoma hotuba. Posta ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mtu anatembea polepole. Mhuri uligongwa kwenye kaunta ileile ambayo mimi ndiye ningekuwa nimesimama mbele yake.

Nilijaribu kueleza. Nilisema mnunuzi amenunua kwa nia njema, na siku ile daftari lilikuwa bado linasema Shomari, na sheria mpya haitazami nyuma. Nilijisikia nikieleza, aya kwa aya, na nikatamani mtu aje anizibe mdomo.

"Na huko kwenye Baraza, ulisema?"

"Nilisema."

"Wakakusikiliza?"

"Walipiga makofi, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Nilitafuta kejeli katika sauti yake, maana kejeli ingenisaidia. Haikuwepo. Alikuwa amefurahi kweli kwamba wamenisikiliza, na hilo ndilo lililonivunja. Nililia pale njiani, mbele ya watu wa Mchikichi, na tai yangu ya Baraza.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Nilikula kiapo mbele ya yule karani kijana, nikasema kila kitu, hata kashata ya Mzee Mwinyimvua. Aliandika kwa mstari ulionyooka. Kisha akanisomea yote, nikatia sahihi, akagonga mhuri wa "imepokelewa" na kuiweka kwenye faili ambalo halikuwa na nguvu tena ya kubadili chochote. Shomari sikumwona. Walisema amekwenda Bagamoyo. Bi Hidaya alipata chumba kimoja kwa jirani yule, akaendelea kuuza nazi. Nilimtumia watu kumwomba akae kwangu, akawarudisha na salamu.

Sheria ilipotangazwa, muda wa malalamiko ulianza siku ya Jumatatu. Nilijua kuna kesi moja, na hiyo imekwisha potea. Nilidhani wengine watakuwa wawili watatu, wale akina Juma labda. Nikaoga, nikavaa, nikafungua mlango wa mbele nielekee barazani, kulikokuwa na kikao saa tatu.

Kibarazani kwangu walikaa wanawake. Walikaa bega kwa bega, miguu imenyooshwa, wamejaza kibaraza, wameshuka chini, wamefuata ukuta wa nyumba yangu, ukuta wa jirani, mpaka kona ya mtaa, na kona ilipokatika niliona kanga nyingine zikiendelea. Kila mmoja alikuwa na karatasi imefungwa kwenye pindo. Nilishika mwimo wa mlango. Kwa miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba lilikuwa kosa moja, mstari mmoja katika daftari safi.

Bi Hidaya alikuwa amesimama mbele yao, kajifunga kibwebwe kama mtu wa shughuli.

"Huyu naye alikuwa eda," akasema, akiwaonyesha mmoja mmoja. "Huyu alikuwa amejifungua, wakakwambia hatoki, ukaandika mjomba wake. Huyu alikuwa sokoni na mimi, ukaandika jina la mpangaji wake. Huyu alikuwepo mlangoni kabisa, ukamwuliza mume yuko wapi. Wale wa kule ni wa Sikukuu. Wa Swahili wanakuja."

"Bi Hidaya," nikasema, na nilikuwa nanong'ona, "mama yangu, ya kwako sheria haiwezi tena."

"Yangu imekwenda, najua. Za hawa bado." Akanisogeza kidogo kwa mkono, apate kuona ndani. "Toa meza, Bwana Karani."

Nikaitoa meza. Kikao sikwenda.